Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dido Twite, Mbwa Mwitu wa Willoughby na Uingereza Ambayo Haikuwahi Kuwapo

Mfululizo huu ni upi hasa?

Ni riwaya 12 za watoto zilizoandikwa na Joan Aiken, mwandishi Mwingereza. Cha kwanza, The Wolves of Willoughby Chase, kilitoka mwaka 1962. Cha mwisho, The Witch of Clatteringshaws, kilitoka 2005, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki. Wapo wanaohesabu 11 kwa sababu The Whispering Mountain cha 1968 kimekaa pembeni: dunia ni ileile, lakini hadithi inatokea Wales na wahusika wakuu wa vitabu vingine hawamo.

Ndani yake utakuta treni zinazovamiwa na mbwa mwitu, yatima wa kweli na wa kusingiziwa, walimu katili, njama za kumuua mfalme, na nyangumi wa rangi ya waridi. Ukiisoma orodha hiyo ukacheka, umeanza vizuri. Ila usidhani ni vichekesho vitupu. Subiri ufike mji wa viwanda wa Blastburn.

Kwa nini inaitwa Uingereza ambayo haikuwahi kuwapo?

Hapa inabidi tuanzie kwenye historia yenyewe, maana bila hiyo nusu ya utani inakupita.

Mwaka 1688 mfalme James II, Mkatoliki, alikimbia Uingereza, na kiti kikachukuliwa na binti yake Mary pamoja na mumewe, William wa Orange. Mwaka 1701 Bunge likapitisha sheria ya kuwafungia mlango Wakatoliki wasirithi tena. Malkia Anne, mdogo wake Mary aliyetawala baadaye, alipofariki 1714 bila kuacha mtoto aliye hai, ikabidi mrithi atafutwe Ujerumani, na ndipo George wa Hanover alipoletwa akawa mfalme. Ukoo wa Stuart, ule wa James II, haukukubali. Wafuasi wake waliinuka 1715, wakainuka tena 1745 wakiongozwa na Charles Edward Stuart, kijana ambaye nyimbo za Scotland zinamwita Bonnie Prince Charlie. Mambo yakaishia uwanja wa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, ambako jeshi lake lilivunjwa vibaya.

Aiken ameligeuza joho lote nje ndani. Kwake Stuart ndio wenye kiti, na James III, mfalme mwema mwenye kupendwa na watu, anatawazwa mwaka 1832. Wanaokutana usiku kwenye magenge, wanaoficha baruti kwenye maghala na kunong'onezana kuhusu kijana wao aliye ng'ambo, ni Wahanova. Kijana huyo anaitwa, bila aibu yoyote, Bonnie Prince Georgie. Katika historia ya kweli, mwaka 1832 aliyekuwa kitini ni William IV, naye ni wa ukoo wa Hanover. Kwa hiyo mtu anayesakwa na askari ndani ya kitabu ndiye aliyekuwa akilala ikulu nje ya kitabu.

Basi huyu James III ndiye yule mtoto wa James II?

Hapana. Yule alizaliwa 1688 akafariki 1766, na 1832 angekuwa na miaka 144. Aiken hakujishughulisha kuchora mti wa ukoo kutoka hapo hadi kwa mfalme wake, na sidhani kama kuna msomaji wa miaka kumi aliyewahi kumdai.

Mbwa mwitu wametokea wapi?

Wamepita chini ya bahari. Kitabu cha kwanza kinaanza na taarifa fupi kwamba njia ya reli chini ya mlango wa bahari, kutoka Dover hadi Calais, imekamilika karibuni, na kwa kuwa baridi imezidi Ulaya bara, makundi ya mbwa mwitu wameitumia kuhamia Uingereza. Ni sentensi chache tu, na zimesemwa kikavu kama tangazo la shirika la reli. Ni mbwa mwitu wa Ulaya, wenye manyoya ya kijivu, si hawa wa kwetu wenye mabaka.

Wazo la njia hiyo Aiken hakulitoa hewani. Mwaka 1802 mhandisi Mfaransa, Albert Mathieu, alipendekeza njia ya chini ya bahari ya kupitisha magari ya farasi, yenye mwanga wa taa za mafuta. Miaka ya 1880 walianza hata kuchimba, kisha kazi ikasimamishwa kwa kuwa Waingereza waliogopa jeshi la adui litapitia humo humo. Njia ya kweli ilifunguliwa 1994, urefu wake kama kilomita 50, miaka 32 baada ya kitabu kutoka. Hofu ya wale majenerali, kwamba ukifungua mlango wa bara hujui nani atapita, Aiken ameichukua ilivyo. Alichobadilisha ni mpitaji. Badala ya askari wa Ufaransa wanapita wanyama wenye njaa, na hao huwezi kuwatumia balozi.

Mbwa mwitu wa asili wa Uingereza walikwisha kuuawa yapata miaka 500 iliyopita. Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza wa 1962 aliyesoma habari za mbwa mwitu nje ya dirisha alikuwa anarudishiwa hofu ambayo hata bibi zake hawakuwahi kuwa nayo.

Nianze na kitabu kipi?

Anza na The Wolves of Willoughby Chase, lakini tafadhali usiishie hapo. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wamekisoma hicho kimoja, wakakipenda, wakafunga duka. Hawakukutana kabisa na Dido Twite, ambaye ndiye moyo wa mfululizo wote na ambaye anaingia kitabu cha pili, Black Hearts in Battersea cha 1964.

Kuhusu mpangilio, vitabu havikutoka kwa mfuatano wa matukio. Baada ya Nightbirds on Nantucket cha 1966 kilitoka The Cuckoo Tree mwaka 1971, ambamo Dido anarudi Uingereza. Miaka kumi baadaye mwandishi akarudi nyuma kuandika yaliyompata njiani: kwanza The Stolen Lake cha 1981, kisha Limbo Lodge cha 1999. Ukitaka kufuata maisha ya Dido, hivyo viwili viweke kati ya Nantucket na Cuckoo Tree. Baada ya Cuckoo Tree soma Dido and Pa cha 1986, halafu Is cha 1992 na Cold Shoulder Road cha 1995, ambavyo vinamfuata mdogo wake Dido aitwaye Is. Malizia na Midwinter Nightingale cha 2003 na kile cha mwisho cha 2005. The Whispering Mountain kisome siku yoyote.

Mimi napendekeza mpangilio wa matukio kwa watoto, na mpangilio wa kuchapishwa kwa mtu mzima anayetaka kuona mwandishi alivyobadilika. Vya miaka ya 1960 vinakimbia na kucheka. Kuanzia Dido and Pa giza linaongezeka, na watu wanaokufa ni wale ambao msomaji ameshawazoea.

Kitabu cha kwanza kinahusu nini, bila kuniharibia utamu?

Mabinamu wawili, Bonnie na Sylvia Green. Bonnie ni mtoto wa tajiri, jasiri na mwenye hasira za karibu. Sylvia ni yatima mpole aliyelelewa na shangazi maskini mjini London, na ametumwa kwa treni kwenda kuishi na binamu yake kwenye jumba la Willoughby Chase, kaskazini.

Safari hiyo ya treni ni kurasa chache tu, ila inafaa kusomwa polepole. Sylvia amekaa na baridi yake na kifurushi chake kidogo cha chakula. Abiria mwenzake, bwana mmoja asiyemfahamu, anamkaribisha chokoleti na vikeki. Njaa inamuuma, lakini shangazi alishamfunza, na anakataa kwa adabu. Kisha treni inasimama gizani, mbwa mwitu wako relini, na mmoja anapasua dirisha na kuingia ndani. Yule bwana anamuua kwa kipande cha kioo cha dirisha hilohilo, na wanahamia behewa la pili. Mtoto aliyeogopa kula keki ya mgeni sasa anaokolewa na mgeni huyohuyo, na msomaji anaachwa njia panda: huyu ni mtu mwema au siyo? Jibu linakuja baadaye, na halimpi raha.

Wazazi wa Bonnie wanasafiri baharini kwa ajili ya afya ya mama, na nyumba inabaki mikononi mwa mwalimu wa nyumbani, Miss Slighcarp. Mama huyu anafukuza watumishi, anavaa nguo za mwenye nyumba, na watoto anawapeleka shule ya Mrs Brisket mjini Blastburn. Mbwa mwitu wa nje ukutani wanaendelea kulia, lakini kufikia hapo hakuna anayewaogopa tena kuliko anavyomwogopa aliye ndani.

Dido Twite ni nani, na kwa nini mashabiki wanamsema kama ndugu yao?

Ukimwona mara ya kwanza hutampenda. Simon, kijana mfuga bata bukini kutoka kitabu cha kwanza, anakwenda London kusomea uchoraji na anapanga chumba kwa familia ya Twite huko Southwark. Dido ni binti wa nyumba hiyo: mchafu, mdomo mrefu, mdadisi, anaomba hiki na kile, hakuna anayemjali wala kumwosha uso. Mama yake ana sauti tu. Baba yake, Abednego Twite, ni mwanamuziki mwenye kipaji kikubwa, na pia ni Mhanova aliyeficha silaha ndani.

Simon anamtendea wema mdogo tu, na mtoto huyu ambaye hajawahi kutendewa wema anajishikiza hapo kwa mikono miwili. Mwisho wa kitabu hicho Dido anapotelea baharini, na kila dalili inaonyesha amekufa maji. Aiken alikusudia abaki huko. Lakini mtoto mmoja msomaji alimwandikia barua ya kulalamika kuhusu kifo hicho, na kitabu cha tatu kikafunguka na Dido akiwa hai ndani ya meli ya kuvulia nyangumi, amelala usingizi wa miezi kumi. Ni ufufuo wa kihuni kabisa, na mwandishi hajaomba radhi.

Tangu hapo Dido anakua machoni pako. Kinachomfanya apendwe ni kwamba hana kinga yoyote: si binti mfalme aliyejificha, hana uchawi, si mrembo, na wazazi wake ni wa kuaibisha. Alicho nacho ni akili ya mtaani na moyo wa kutomwacha mtu nyuma. Katika Dido and Pa anakabiliana na baba yake mwenyewe, mtu ambaye muziki wake unaponya wagonjwa na ambaye hana huruma hata chembe. Watoto wa London wasio na makazi wanalala kwa kulipia nafasi sakafuni huku nyimbo zake zikiimbwa mitaani. Dido anazipenda nyimbo. Anamjua aliyezitunga. Aiken haonyeshi mtoto akimsamehe baba kwa sababu ya kipaji, wala hadanganyi kwamba nyimbo ni mbaya kwa sababu mtunzi ni mbaya. Kwa kitabu cha watoto, hilo ni jambo zito, na limeandikwa bila hotuba.

Njama za Wahanova ni za kipuuzi hivyo kweli?

Ndiyo, na zinazidi kadiri unavyoendelea. Katika Black Hearts in Battersea mpango ni kulipua kasri la Duke wa Battersea mfalme akiwa mgeni ndani. Hiyo tuseme ni ya kawaida. Katika Nightbirds on Nantucket wamejenga mzinga mkubwa kwenye kisiwa cha Nantucket, Marekani, wa kupiga ng'ambo ya Atlantiki na kumuua mfalme akiwa kwenye ikulu yake ya London. Wenyeji wa kisiwa wanajulishwa hesabu moja ambayo waliopanga hawakuijali: mzinga ukilia, nguvu ya kurudi nyuma itakisukuma kisiwa chote. Nantucket ya kweli ilikuwa kitovu cha uvuvi wa nyangumi zama hizo, kwa hiyo suluhisho lina nyangumi ndani yake. Sisemi zaidi.

The Cuckoo Tree ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa upande huu. Mfalme James amefariki, na mwanawe anatawazwa kuwa Richard IV katika kanisa kuu la St Paul. Wahanova wamechomeka magurudumu chini ya kanisa zima ili katikati ya ibada litelezeke liingie mto Thames pamoja na mfalme, maaskofu na waalikwa wote. Anayejua London atakumbuka kwamba wafalme wa Uingereza hutawazwa Westminster Abbey, ambako ardhi ni tambarare. St Paul ndiyo iko juu ya kilima, Ludgate Hill. Mwandishi alihitaji mteremko, basi akahamisha sherehe.

Upuuzi huu haumwangushi msomaji kwa sababu Aiken anausimulia kifundi: nani alileta magogo, kamba zilifungwa wapi, tembo alisimama upande gani. Mwongo mzuri hutaja vipimo.

Kuna chochote cha kweli ndani ya vitabu hivi, au vyote ni kubuni?

Mfalme ni wa kubuni. Njaa ya watoto ni ya kweli, na kwa maoni yangu hapo ndipo mfululizo mzima ulipojikita.

Rudi shuleni kwa Mrs Brisket. Watoto wananyolewa, wanapewa nambari badala ya majina, wanafua nguo za mji mzima. Wana njaa ya kudumu. Mwenye shule amebuni njia rahisi ya kuwatawala: mtoto anayemchongea mwenzake anapewa kipande kidogo cha jibini. Basi. Hakuna haja ya walinzi wengi. Aiken anakiacha kile kipande cha jibini kifanye kazi yake, na unaona shule nzima ya watoto wasioaminiana, kila mmoja akimtazama mwenzake kama chakula cha jioni. Kwa mtu aliyesoma bweni, sehemu hii haihitaji ufafanuzi.

Blastburn, mji wa viwanda na moshi ambao unarudi tena na tena, haupo kwenye ramani, lakini miji iliyofanana nao ilikuwepo kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1833 ndipo sheria ilipokataza watoto wa chini ya miaka tisa kuajiriwa kwenye viwanda vingi vya nguo. Mwaka 1842, baada ya ripoti yenye michoro ya watoto wakivuta mikokoteni ya makaa ya mawe kwenye vichochoro vya chini ya ardhi, ndipo walipokatazwa wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka kumi kufanya kazi chini migodini. Ukiangalia tarehe, hadithi zinatokea katikati ya miaka hiyohiyo.

Is ndicho kitabu kinachoingia ndani kabisa. Watoto maskini wa London wanaambiwa kuna treni ya siri ya kwenda mahali pa raha na michezo. Wanapanda wenyewe, kwa furaha. Treni inawashusha Blastburn, kwenye migodi, na hakuna anayerudi. Kaskazini yote imejitenga na ufalme na inatawaliwa na mtu anayejiita Gold Kingy. Is, mdogo wake Dido, anakwenda kumtafuta binamu yake na mtoto wa mfalme, na huko anagundua kwamba watoto wa gizani wameanza kusikiana mawazo, mgodi kwa mgodi. Ni kitu pekee cha ajabu Aiken alichowapa, na kimetokana na dhiki yao.

Kama kuna mahali mzee au mzazi anapaswa kusoma pamoja na mtoto, ni hapo.

Vinatisha? Vinafaa kwa umri gani?

Miaka tisa au kumi kwa vya mwanzo, miaka kumi na mbili kuanzia Dido and Pa. Watu wanakufa, wakiwemo wema. Wabaya wanaliwa na mbwa mwitu. Katika The Stolen Lake kuna malkia ambaye ameishi karne nyingi kwa njia ambayo sitaiandika hapa kwa sababu ya watoto wanaosoma begani mwa wazazi wao. Midwinter Nightingale ina mtu anayegeuka mbwa mwitu.

Hata hivyo hakuna ukatili unaoelezwa kwa kuonewa raha. Na watoto, kwa uzoefu wangu, wanavumilia mbwa mwitu vizuri. Kinachowasumbua ni Miss Slighcarp kuchoma wosia wa baba.

Kiingereza chake kikoje? Mtoto wa darasa la sita ataweza?

Masimulizi ni mepesi. Kazi ni maneno ya watu. Dido anaongea lafudhi ya mtaani ya London iliyochanganywa na maneno ambayo Aiken aliyatunga mwenyewe, mshangao wake mkuu ni "Croopus!" na huhitaji kamusi kuuelewa. Captain Hughes, nahodha wa meli, anaongea kibaharia, watu wa Sussex wana yao, wavua nyangumi wana yao. Shauri langu ni kusoma kwa sauti. Sentensi inayoonekana haieleweki kwenye karatasi mara nyingi inaeleweka ikitamkwa, na mtoto anayeigiza Dido hawezi tena kuchoka.

Joan Aiken mwenyewe alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1924 mjini Rye, Sussex, kwenye nyumba ya kale katika mtaa wa Mermaid. Rye ulikuwa mji wa wafanya magendo hasa, na magendo yanatiririka ndani ya vitabu vyake, kuanzia wanamagendo wa The Cuckoo Tree hadi genge la Cold Shoulder Road. Baba yake alikuwa Conrad Aiken, mshairi Mmarekani aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1930. Mama yake, Jessie McDonald, alitoka Kanada, na baada ya ndoa kuvunjika aliolewa na mwandishi Mwingereza, Martin Armstrong. Kaka na dada yake Joan, John na Jane, nao wakawa waandishi. Hakwenda shule hadi alipofika miaka 12. Mama alimfundisha nyumbani.

Kitabu cha mbwa mwitu alikianza mapema miaka ya 1950, akakiweka kando mumewe Ronald Brown alipougua. Ronald alifariki 1955 na kumwacha na watoto wawili wadogo. Aiken akaingia kazini kwenye jarida la hadithi fupi, Argosy, baadaye kwenye kampuni ya matangazo, na ilipita miaka kadhaa kabla hajarudi kukimaliza kile kitabu. Mtu anayeshangaa kwa nini hadithi za watu wazima wanaoondoka na watoto wanaobaki zimemtoka kwa urahisi hivyo anaweza kusimama hapo kidogo. The Whispering Mountain ulimpa tuzo ya gazeti la Guardian ya vitabu vya watoto mwaka 1969, na mwaka 1999 alipewa nishani ya MBE. Alifariki tarehe 4 Januari 2004, Petworth, Sussex ileile.

Kuna filamu?

Ipo ya kitabu cha kwanza, ya mwaka 1989, Stephanie Beacham akiwa Miss Slighcarp na Mel Smith akiwa Grimshaw, yule bwana wa kwenye treni. Beacham anafaa sana. BBC nao walitengeneza Black Hearts in Battersea kuwa tamthilia ya televisheni katikati ya miaka ya 1990. Soma kwanza.

Kuna kitabu dhaifu humo?

Vipo vinavyolegea. The Stolen Lake kina wazo la kusisimua: ziwa la mfalme Arthur wa hadithi za kale limegandishwa, likakatwa mapande ya barafu na kuibwa na nchi jirani. Lakini ili kulipata, Aiken ameijaza Amerika ya Kusini Waingereza wa kale waliokimbia Wasaksoni, na wenyeji wenye milima yao wamebaki nyuma ya pazia. Kwa msomaji wa huku kwetu, ambaye amezoea kuona nchi yake ikitumika kama uwanja wa wengine kuchezea, hilo linakwaruza. Limbo Lodge, kinachotokea kwenye kisiwa cha viungo, kinajitahidi zaidi: humo wapo walowezi, wapo watu wa msituni walionyang'anywa, na kitabu kinajua nani amemdhulumu nani.

Cha mwisho kabisa ni kifupi mno, na unaona mwandishi anakimbizana na muda. Alikuwa karibu na miaka 80. Mimi nakisoma kwa kumstahi: aliona wasomaji wake wamesubiri miaka 40, akaona bora awaachie mlango uliofungwa kwa haraka kuliko ulioachwa wazi.

Simon na Dido wanaoana?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wengi si watoto. Tangu kitabu cha pili unajua wanapendana. Kikwazo si wivu wala familia, ni taji: Simon anajikuta kwenye mstari wa kurithi ufalme, na Dido hataki hata kusikia habari ya kuwa malkia, kusimama dirishani na kupungia watu mkono. Kwa hiyo kitabu cha mwisho kinamtuma Dido Scotland kutafuta mtu mwingine wa kuvalishwa taji hilo. Kama anampata, na Simon anafanya nini akishampata, siwezi kumwaga mchele penye kuku wengi.

Nimeona Is na Is Underground madukani. Ninunue vyote viwili?

Ni kitabu kimoja. Is ni jina la toleo la Uingereza, Is Underground la Marekani. Vivyo hivyo Limbo Lodge Marekani kinauzwa kwa jina la Dangerous Games. Ukibahatika kupata nakala ya zamani ya Kiingereza, angalia kama ina michoro ya Pat Marriott. Matoleo kadhaa ya Marekani yana majalada ya Edward Gorey, na hayo wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanajua bei yake.